Dawa mbili kwenye pampu moja

Mjomba wangu analima viazi Umalila. Juzi tukiwa shambani aliniuliza kwa nini natafuta dawa za saratani mbilimbili. “Kwani moja kali haitoshi, mjomba?”

Nikamwonyesha pakiti yake ya dawa ya ukungu. Ina metalaksili, inayopenya ndani ya mmea, na mankozebu, inayokaa juu ya jani. Ukungu ukiizoea ya kwanza, unakutana na ya pili. Uvimbe nao una seli zisizofanana: dawa moja ikiua nyingi, zile chache sugu hubaki na kuzaana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari wa Marekani walianza kuwapa watoto wenye saratani ya damu dawa nne kwa pamoja.

Shida ni hesabu. Dawa 100 zinatoa jozi 4,950. Ukizipanga tatutatu unapata 161,700, na hapo dozi hujazigusa. Kwa hiyo tunaifundisha kompyuta kwa jozi zilizokwisha kupimwa, nayo inakadiria zilizobaki.

Tuseme dawa ya kwanza inaua seli 40 kati ya 100, ya pili 50. Usijumlishe 90! Ya pili itaua nusu ya zile 60 zilizosalia, yaani 30, jumla 70. Maabara ikitoa 85, dawa hizo zinasaidiana. Ikitoa 55, zinapingana.

Namba hiyo peke yake siiamini. Jozi inayoua seli nyingi kwenye kisahani cha maabara inaweza kumaliza pia uboho wa mgonjwa, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Vinkristini, moja ya zile dawa nne za watoto, ilipendwa kwa sababu madhara yake makubwa yako kwenye mishipa ya fahamu, uboho haiuumizi sana, hivyo inakubali kuchanganywa na dawa zinazoushambulia uboho. Ndiyo maana naondoa kwanza jozi ambazo dawa zake zote mbili zinaumiza kiungo kilekile, halafu ndipo naiacha programu ipange.

Kinachoniumiza zaidi ni data. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa matokeo ya jozi zaidi ya 5,000, zilizopimwa kwa aina 60 za seli. Ni hazina, naitumia kila wiki. Lakini katika aina hizo 60 hakuna hata moja ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Nikiiuliza programu kuhusu saratani hiyo, inajibu kwa kukisia kutoka seli za titi na ovari. Majibu hayo nayapaka rangi nyekundu, na siyapeleki kwa daktari yeyote.