Kichaa cha mbwa: ugonjwa usiofanana na hadithi zake

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akiuma, akiparura, au akilamba kidonda kibichi, kirusi kinaingia. Mbwa amebeba jina kwa sababu asilimia 99 ya vifo vya binadamu hutokana naye, lakini paka, punda, ng'ombe, mbuzi, fisi, mbweha na popo nao wanaugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika kila 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Cha ajabu katika ugonjwa huu ni mwendo wake. Kirusi hakipiti kwenye damu. Kikishaingia kwenye nyama hushika neva, yaani mshipa wa fahamu, na kuipanda taratibu hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Aliyeumwa kifundo cha mguu anaweza kukaa miezi miwili au mitatu akiwa mzima kabisa, na wachache hufikisha mwaka. Aliyeumwa usoni au kichwani hana muda huo, na mtoto mdogo uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Kirusi kikishatawala ubongo hushukia tezi za mate, tayari kwa mwingine. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa, mara nyingi ndani ya siku chache.

Mgonjwa mwenyewe ana kiu. Anaomba maji, analetewa kikombe, na kikikaribia mdomo misuli ya koo inakaza kwa maumivu makali hadi anakisukuma. Baadaye hata sauti ya maji yakimiminwa inatosha kumshtua, na upepo wa feni vilevile. Kati ya vipindi hivyo akili inaweza kumrudia, akaongea na ndugu zake vizuri tu. Si ajabu familia nyingi huona ni pepo, na siku za mwisho zikaishia kwa mganga.

Hiyo ndiyo picha iliyoingia kwenye masimulizi. Katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, mpiga mishale Teukros anamwita Hektor, shujaa wa upande wa adui, mbwa mwenye kichaa, kwa jinsi anavyofyeka watu vitani. Mwaka 1998 daktari wa neva wa Hispania, Juan Gómez-Alonso, alitoa hoja kwamba hadithi za Ulaya Mashariki za maiti wanaofufuka usiku kunyonya damu huenda zilichota kutoka kwenye kichaa: anayeuma humgeuza aliyeumwa awe kama yeye, halali usiku, anakirihika kwa mwanga na harufu kali. Alionyesha pia kwamba mlipuko mkubwa wa kichaa ulipita Hungaria kati ya 1721 na 1728, karibu na wakati hadithi hizo zilipopamba moto. Ni hoja tu, haithibitishiki, ila mimi naiona ina mashiko kuliko nyingi za aina yake. Filamu za wafu wanaotembea, ambazo vijana wetu wanazitazama hadi usiku wa manane, zimejengwa juu ya kanuni ileile: ukiumwa, umekwisha.

Tatizo ni kwamba hadithi zimetuzoesha kusubiri mbwa mwenye povu, macho mekundu, anayekimbiza kila kilicho mbele yake. Huyo yupo. Lakini yupo pia mgonjwa mpole: mbwa aliyejikunyata uvunguni, taya limelegea, udenda unamtoka, sauti imebadilika. Mwenye mbwa anadhani mfupa umemkwama kooni, anaingiza vidole kuutoa. Kwa ng'ombe ndivyo zaidi. Anakoroma na kulia kwa sauti ya kukwaruza, hamezi, mate yanachuruzika. Mfugaji anamshika taya na kupeleka mkono mzima hadi kooni kutafuta kilichokwama. Hakuna kilichokwama. Kama mkono una mchubuko, mfugaji huyo anahitaji sindano kama aliyeumwa. Hata kwa binadamu, mmoja kati ya watano hivi hapati fujo wala woga wa maji. Mwili unapooza kuanzia pale alipoumwa, na kwa sababu hafanani na hadithi, wengi wa namna hii huandikiwa ugonjwa mwingine.

Kanuni ya kutazama ni mabadiliko ya tabia. Mbwa mkali aliyegeuka mpole ghafla ni wa kutiliwa shaka sawa na mpole aliyegeuka mkali. Fisi au mbweha anayeingia kijijini mchana kweupe bila kuogopa watu, hali kadhalika.

Kwa karne nyingi tiba ilikuwa chuma cha moto kwenye jeraha. Tarehe 6 Julai 1885, mvulana wa miaka 9 kutoka Alsace, Joseph Meister, alifikishwa Paris akiwa ameumwa na mbwa siku mbili kabla. Mwanasayansi wa Kifaransa Louis Pasteur alikuwa na chanjo iliyotengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, ukakaushwa ili kudhoofisha nguvu ya ugonjwa. Hakuwa daktari, hivyo sindano zilichomwa na Dkt. Jacques Grancher, 13 kwa muda wa siku kumi hivi, kila moja ikiwa na nguvu kuliko iliyotangulia. Mtoto hakuugua. Ule uvivu wa kirusi ndio uliompa nafasi: chanjo iliwahi kuamsha kinga kabla kirusi hakijafika ubongoni.

Mpaka leo msingi ni huohuo, ingawa chanjo ni safi zaidi na sindano ni chache, tena za begani badala ya tumboni kama wazee wanavyosimulia. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kwa saa ya ukutani. Sabuni yenyewe inaua kirusi. Usipake pilipili, majani yaliyopondwa wala maji ya betri. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Jeraha likiwa baya utahitaji pia kingamwili, yaani kinga iliyotengenezwa tayari, zinazochomwa kwenye jeraha lenyewe. Ukichelewa wiki nzima, nenda tu, maana maadamu dalili hazijaanza chanjo bado ina kazi. Mbwa akijulikana, asiuawe kwa hasira: afungwe na atazamwe siku 10. Aliyekuwa na kirusi mateni siku ya kuuma atakuwa amekufa au ameugua waziwazi kabla siku hizo hazijaisha.

Wajibu wa mwenye mbwa ni wa kale. Sheria za mji wa Eshnunna, katika Iraki ya leo, zenye karibu miaka 4,000, zilimtoza shekeli 40 za fedha mtu aliyeonywa kuhusu mbwa wake mwenye kichaa, asimfunge, na mbwa huyo akaua mtu. Serikali za siku hizi zilikimbilia bunduki na sumu. Kisiwani Flores, Indonesia, sehemu kubwa ya mbwa waliuawa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kichaa kikabaki palepale, kwa sababu watu huwaficha mbwa wao au huwahamisha, na waliouawa nafasi zao huzibwa na watoto wa mbwa wasio na chanjo.

Kinachofanya kazi ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Utafiti wa wilayani Serengeti ulionyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo, hivyo mnyororo hukatika kirahisi kuliko tunavyodhani. Ulionyesha pia kwamba mbwa wa nyumbani ndio wanaouweka hai ugonjwa, wala si fisi na mbweha wa hifadhini. Na hao wanaozurura barabarani tukiwaita koko, wengi wana wenyewe: siku ya chanjo ni watoto wanaowavuta kwa kamba hadi kwenye meza ya bwana mifugo. Vitoto vya mbwa huachwa nyumbani eti ni vidogo mno, ilhali navyo huchanjwa, na ndivyo vinavyochezewa na watoto kuliko wote.

Pemba ni ushahidi wa karibu. Chanjo iliutokomeza ugonjwa kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingizwa upya kutoka nje kwa mbwa waliosafirishwa na watu, ukaua tena, na ikabidi kampeni ianze upya hadi ulipokatika mwaka 2018.