Ukizuru nyumba ya Karen Blixen, anza na ardhi

Wageni wengi wanaofika kwenye nyumba ya Karen Blixen jijini Nairobi hutaka kuona alipolala, alipoandikia, na alipokaa na mpenzi wake, Mwingereza Denys Finch Hatton. Si vibaya. Lakini mwandishi huyo kutoka Denmark aliishi humo miaka 14 tu, 1917 hadi 1931, na nyumba yenyewe imeshapita miaka 100.

Aliyeijenga mwaka 1912 ni Åke Sjögren, mhandisi wa Kiswidi. Ni bangalo la walowezi: kuta za mawe, vyumba vipana, paa la vigae, na baraza. Toka nje utazame upande wa vilima vya Ngong. Eneo hili lilikuwa shamba la ekari 4,500 hivi. Kahawa ilichukua ekari 600; kwingine kulikuwa msitu, malisho na vishamba vya maskwota, yaani Waafrika walioishi kwenye ardhi ya mlowezi na kumfanyia kazi.

Hapo ndipo ningependa wanafunzi watue. Sheria ya ardhi ya 1915 ilimruhusu mlowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999, huku Mwafrika akigeuzwa mpangaji wa serikali anayeweza kuondolewa wakati wowote. Kisha sheria ya 1918 ikamtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kulima na kufuga hapo. Kahawa ya shamba hili ilipaliliwa na kuchumwa na watu hao, wengi wao Wakikuyu, wake kwa waume na watoto. Kamante Gatura, mtoto wa skwota, ndiye aliyekuja kuwa mpishi hodari wa nyumba hii. Msimamizi wa shughuli za nyumbani alikuwa Farah Aden, Msomali. Bila wao hapangekuwa na shamba wala nyumba ya kusimuliwa.

Kahawa haikustawi. Mahali pako juu mno, ukame ulikuja, kiwanda kikateketea mwaka 1923, halafu bei ikaanguka. Shamba lilipouzwa, mnunuzi, Remy Martin, alilikata viwanja vya ekari 20, na mtaa wa Karen ukaanzia hapo. Maskwota je? Blixen alihangaika maofisini hadi wakakubaliwa kuhamia Dagoretti wakiwa pamoja, na kwa hilo namsifu. Hata hivyo waliohama ni watu waliokuwa na makaburi ya wazee wao pale.

Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuizawadia Kenya huru. Ikatumika na chuo cha lishe, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Ukiingia, angalia samani kwa makini. Baadhi ni zile Blixen alizomuuzia Lady McMillan, mlowezi mwenzake, ambazo baadaye zilirudishwa. Vitu vingine vilitumika kwenye filamu ya maisha yake, Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya na kutoka mwaka 1985. Muulize mwongoza wageni kipi ni kipi, kisha umwombe akupeleke jikoni alikofanyia kazi Kamante.