Piga mswaki hata mara kumi: ile kahawia si uchafu

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hapa Dodoma, mama mmoja kutoka kijiji cha mkoa wa Singida aliniletea kijana wake wa kidato cha pili. Mgongoni alikuwa na mwingine, binti wa miezi minane, amelala. Nikamkalisha kijana kwenye kiti, nikawasha taa, akafungua kinywa. Meno ya mbele ya juu yalikuwa na mabaka ya kahawia, mawili ya katikati yakikaribia kabisa rangi ya chai. Mimi, mtoto wa Dar na shahada yangu mbichi, nikaanza somo: mswaki asubuhi, mswaki usiku, dakika mbili, usisahau nyuma. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Daktari, huyu anapiga mswaki mara tatu kwa siku. Hebu mwangalie fizi."

Nikaangalia. Fizi zimekaza, hazitoi damu, ugaga wa kukwangua hakuna. Isipokuwa zimeanza kurudi nyuma, kwa sababu kijana alikuwa anasugua kwa hasira, kama mtu anayetoa masizi kwenye sufuria. Kinywa kile kilikuwa kisafi kuliko cha kwangu. Nilimwomba radhi yule mama, na tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu sana na neno "uchafu".

Nayaandika haya kwa sababu kila wiki napata mtu wa aina hiyo kutoka Singida, Kondoa, Hanang, na wengine kutoka Arusha waliohamia huku na ofisi za serikali. Wote wana ombi moja: "Daktari, nisafishie haya meno." Wengi wameshaambiwa tangu shule ya msingi kwamba hawapigi mswaki. Wamezoea kuziba mdomo kwa kiganja wakicheka.

Kinachofanya vile ni floraidi, madini yaliyomo kwenye miamba na kutoka humo yakaingia kwenye maji ya visima. Hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu. Maji ya chumvi tunayoyalalamikia Dodoma, yale yanayoacha gamba jeupe kwenye birika, ni kitu kingine. Ladha ya chumvi haikwambii lolote kuhusu floraidi. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana, kimoja salama na kingine cha kuharibu.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na mimi nilipopotea. Floraidi haipaki jino rangi kutoka nje. Jino la ukubwani linaanza kujengwa ndani ya taya miaka mingi kabla hujaliona. Yale ya mbele ya juu, ambayo ndiyo tabasamu lenyewe, gamba lake, yaani lile tabaka gumu la nje ya jino, linajengwa tangu miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa mpaka karibu miaka minne au mitano. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika kipindi hicho, gamba linashindwa kukomaa vizuri na linabaki na vinyweleo kama chaki. Jino linaota kwenye miaka sita, saba, nane, likiwa na mistari au mawingu meupe. Kahawia bado hakuna. Inakuja baadaye, vile vinyweleo vinapofyonza rangi ya chai na chakula mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mzazi anaona jino limeota jeupe halafu "likaharibika", anadhani mtoto amezembea.

Unaweza kujipima mwenyewe mbele ya kioo. Kausha meno ya mbele kwa kitambaa safi, angalia kwenye mwanga wa dirishani. Kama mabaka yanafanana kulia na kushoto, jino na pacha wake, elekea kwenye floraidi, kwa sababu meno pacha yanajengwa wakati mmoja. Rangi ya sigara, ugoro na chai haina adabu hiyo, inakaa zaidi kwenye mipaka ya fizi na kwa ndani, na tukikusafisha inaondoka. Dalili nyingine huwa naipata kwa akina mama bila kuuliza: "Mbona yale ya utoto yalikuwa meupe, yakang'oka, yakaota haya?" Ni kweli, meno ya utoto kwa kawaida huathirika kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya gamba lake hujengwa tumboni mwa mama.

Wala si sisi tu tuliohangaika kutafuta mchawi. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno aliyeitwa Frederick McKay alifungua kazi Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Wenyewe walilaumu nyama ya nguruwe, maziwa mabovu, na maji. Alifuatilia jambo hilo miaka thelathini. Mwaka 1923 aliitwa mji mdogo wa Oakley, Idaho, ambako wazazi waligundua mabaka yalianza baada ya kujenga bomba la maji kutoka kwenye chemchemi ya moto. Akawashauri waliache, watumie chanzo kingine. Miaka michache baadaye watoto wadogo wakaota meno yasiyo na mabaka. Jina la madini lenyewe halikujulikana mpaka 1931, mkemia wa kiwanda cha aluminiamu alipoyapima maji. Mimi kinachonigusa ni kwamba wazazi wa Oakley hawakungoja jina. Walibadilisha maji.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kwa miaka mingi viwango vyetu Tanzania viliruhusu hadi 4, kwa sababu maeneo mengine yalikuwa hayana maji mengine ya kunywa; baadaye vikashushwa hadi hiyo 1.5. Na kumbuka joto la huku. Mtoto wa Bahi au Manyoni anakunywa maji mengi kwa siku kuliko mtoto wa Lushoto kwenye baridi, kwa hiyo hata maji ya kiwango kilekile yanamwingizia floraidi zaidi.

Halafu kuna magadi. Najua naingia pabaya, maana mimi mwenyewe mlenda nimefundishwa kuula hapa hapa na mama mwenye nyumba wangu Chang'ombe, na bila magadi aliniambia huo ni mchuzi wa mgonjwa. Lakini magadi mengi ya sokoni yana floraidi, na mengine yana nyingi sana, hasa yale yanayochotwa kwenye mabonde ya huko kaskazini. Mtoto akianza kula, anaanzishwa nini? Ugali laini na mlenda, kwa sababu unateleza. Makande na kunde zimewekwa magadi ziive upesi. Nakuta familia inayotumia maji mazuri ya bomba na bado mtoto ana mabaka, nikiuliza jikoni napata jibu. Ushauri wangu ni mdogo: mboga ya mtoto aliye chini ya miaka minane itengwe kabla magadi hayajatiwa. Kunde loweka usiku. Mkubwa meno yake yalishajengwa, magadi hayatamwongezea mabaka, ingawa floraidi nyingi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa pia, kwa hiyo sisemi mtu ajimwagie.

Kuchemsha maji hakusaidii. Chemsha kwa ajili ya vijidudu, lakini ujue mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani. Vidonge vya kutibu maji navyo havihusiki. Wapo wanaochuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, njia ambayo kituo cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi muda mrefu. Inafanya kazi, ila mkaa unachoka, lazima ubadilishwe, na mifupa isipochomwa sawasawa maji yananuka na watu wanaacha.

Mimi napenda zaidi maji ya mvua, kwani yana floraidi kidogo mno. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na ndiyo sababu watu wanakata tamaa. Hebu tupige hesabu. Tanki la lita 5,000 ukilitenga kwa kunywa na kupikia tu, lita 20 kwa siku, linakwenda siku 250. Kiangazi chetu ni kama siku 210. Kufua na kuoga endelea na kisima. Na kama tanki huliwezi, madumu machache ya mvua kwa ajili ya uji na kikombe cha mtoto mdogo si haba. Anayetaka kujua kisima chake kikoje, apeleke sampuli maabara ya ubora wa maji. Usikubali fundi wa kisima akuonjee kwa ulimi.

Tukija kwa tabasamu lenyewe. Mwaka juzi alinijia dada mmoja, harusi imebaki wiki tatu. Alikuwa amesugua mkaa uliosagwa na limao kwa mwezi mzima, kafuata video. Mabaka yako palepale, ila sasa maji ya baridi yanamchoma mpaka utosini. Mkaa unakwangua, limao linalainisha gamba, ukiviunganisha unachimba. Nimeshaona pia waliotumia mchanga, majivu, dawa ya kung'arishia nguo, na kijana mmoja, nawaapia, msasa wa seremala. Gamba la jino likishaondoka haliotei tena.

Ninachoweza kufanya kinategemea kina cha mabaka. Kwa ya juu juu, nazingira jino kwa mpira kulinda fizi, halafu nasugua kwa mchanganyiko wa tindikali na unga laini sana, sekunde chache chache, nikiosha na kuangalia. Kinachotoka hakifiki hata robo ya milimita. Yule dada nilimngoja kwanza siku kumi meno yatulie kwa dawa ya floraidi ya kupaka, kisha nikamfanyia hivyo meno sita. Kahawia iliondoka sehemu kubwa, mawingu meupe yakabaki. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo hii nyeupe-nyeupe ndiyo jino langu?" Ndiyo.

Kuna kung'arisha kwa dawa ya peroksaidi. Inasaidia, lakini siku za mwanzo mawingu meupe huweza kuonekana zaidi, mtu akapiga simu usiku anashtuka. Huwa sifanyi kwa watoto wala wajawazito. Kwa mabaka mazito yenye mashimo, najengea kwa resini ya rangi ya jino. Inapendeza siku hiyohiyo, ila miaka inavyokwenda hubadilika rangi na kumeguka, na itameguka haraka kama ni mtu wa kufungulia soda kwa meno au kutafuna muwa. Kuvisha magamba ya kauri ni kuzuri na ghali, na mara nyingi inabidi jino lichongwe kwanza. Kijana wa miaka kumi na saba mwenye mabaka mepesi akiniomba hayo, namkatalia. Wapo watakaomkubalia mtaani.

Swali linalonifuata kila mara: basi niache dawa ya meno yenye floraidi? Hapana. Floraidi ya kumeza utotoni ndiyo inayoharibu gamba linalojengwa. Ya kupaka juu ya jino lililokwisha kuota inalikinga lisioze. Tena jino lenye mashimo ya floraidi linahitaji kinga hiyo zaidi, maana chakula kinajificha humo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, paka dawa kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya njegere, na atemee, asimeze. Maboksi yetu ya dawa ya meno yanachorwa mswaki uliojazwa dawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Huyo ni muuzaji. Soda na ubuyu wa rangi nitaviandikia siku nyingine, navyo vina kesi yao.

Yule mama wa Singida aliporudi kumleta kijana kwa miadi ya pili, alinionyesha wa mgongoni. "Na huyu?" Nikamwuliza uji wake unapikwa kwa maji gani. Ya kisima, akasema, kilekile alichokulia kaka yake. Msimu ule mume wake akaweka mabati ya kukinga maji na tanki, na mlenda wa mtoto ukaanza kutengwa pembeni, jambo ambalo bibi yake alililalamikia mpaka alipozoea.

Mwezi uliopita walipita tena kliniki. Binti ana miaka sita na nusu, yuko darasa la kwanza, kapoteza meno mawili ya chini na mawili mapya yametoka. Nikayakausha kwa pamba, nikamwambia aelekee dirishani. Meupe, bila mstari. Mama akapumua. Ikabidi nimwambie ukweli, kwamba ya chini huwa hayaathiriki sana hata pale maji yalipo mabaya; ya juu ndiyo yatasema, na ya juu yanatoka mwakani. Binti akayashika ya juu kwa kidole. Moja limeanza kulegea.