Kumsindikiza mwenza kwenye mbio za alfajiri Kampala: yanayosemwa na yalivyo

Mbio za MTN Kampala Marathon zimekuwepo tangu 2004, na siku yake ikifika uwanja wa Kololo hujaa jezi za njano kabla jua halijachomoza. Wakimbiaji wana ushauri tele. Sisi tunaowasindikiza tumeachiwa maneno ya vijiweni, na mengi hayana msingi.

Dhana: Mke wangu namjua, akipita nitamwona tu.

Ukweli: Humwoni. Jezi ni za rangi moja kwa maelfu, uso umelowa jasho, na uchovu umebadilisha hata mwendo wake. Atapita mita mbili mbele yako huku unamtafuta nyuma. Afadhali yeye ndiye akuone wewe. Usiku kabla hamjalala, kubalianeni mahali, saa ya kukadiria na upande wa barabara: kushoto au kulia kwake yeye anapokimbia, si kwako uliyesimama (hapa ndipo wengi wanapopishana). Kisha shika kitu kinachoonekana kwa mbali. Leso nyekundu inayopungwa juu ya kichwa inalishinda bango lolote la maandishi madogo. Simu usiitegemee, maana huenda hakuibeba, na akiwa nayo hana mkono wa kuipokea.

Dhana: Kazi yako ni kusubiri kwenye utepe wa kumalizia.

Ukweli: Kwenye utepe shangwe zipo za kutosha, hata usipokuwepo. Anayekimbia kilomita 42.195 huanza kuishiwa nguvu karibu na kilomita ya 30, kwa sababu akiba ya wanga mwilini ndipo inapoelekea kwisha. Hapo mkimbiaji huwa hana wa kuongea naye ila miguu yake. Na huu ni mji wa vilima, tena uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Tafuta mpando wa kilomita za mwisho, usimame katikati yake. Usimpigie hesabu kwa muda aliokimbia Mombasa au Dar es Salaam, ukaanza kuhangaika amechelewa.

Dhana: Kumwambia "Umefika, umefika!" kunamtia moyo.

Ukweli: Kunamuudhi, hasa akikata kona akaukuta mlima mwingine. Mpe hesabu ya kweli: "Mama Zawadi, zimebaki nne!" Kama hesabu huijui, liite jina lake tu, au umpe "Jebale!" (hongera kwa kazi, kwa Kiganda) kama wanavyofanya wenyeji waliosimama milangoni mwao. Mimi naona hilo linatosha kabisa.

Dhana: Kila ukimwona, mpe maji anywe sana.

Ukweli: Maji yakizidi huipunguza chumvi katika damu. Mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na ikizidi anaweza kufa. Anywe anaposikia kiu. Halafu ipo kanuni: katika mashindano rasmi ya barabarani, anayepokea maji nje ya vituo vilivyowekwa hupewa onyo kwanza, akirudia anaondolewa. Kukimbia pembeni yake ili kumvuta mwendo nako kumekatazwa. Kwa wale wa kilomita 5 za kujifurahisha hakuna anayefuatilia sana, lakini mwenzako akiwania nafasi, muulize mapema.

Dhana: Tutakwenda na gari, tuegeshe karibu.

Ukweli: Barabara hufungwa. Boda ikuache mbali kidogo, umalizie kwa miguu.

Dhana: Akimaliza, mkalishe apumzike.

Ukweli: Si papo hapo. Misuli ya miguu ndiyo iliyokuwa ikiisukuma damu ya mwili kurudi juu. Akiacha mwendo ghafla damu hutuama miguuni, kizunguzungu kinamshika, na wengine huzimia. Mtembeze taratibu kwa dakika kadhaa. Akianguka, mlaze chali, umwinue miguu, uite wahudumu wa huduma ya kwanza. Akiwa mzima, mvue jezi iliyolowa umpe fulana kavu, maana mwili hupoa haraka na Novemba ni msimu wa mvua. Mpe ndizi, au kitu chenye chumvi kidogo. Rolex, ile chapati ya kuviringia mayai, inaweza kungoja tumbo litulie.

Maumivu ya misuli hayafikii kilele siku ile ile, bali siku moja hadi tatu baadaye, na kushuka ngazi ndiko kunakouma kuliko kupanda. Kama mnaishi ghorofani, Jumatatu na Jumanne madumu ya maji na mkaa ni zamu yako.