Mwalimu wa piano si mpigaji aliyeshindwa

Dhana: Anayefundisha piano ni yule ambaye jukwaa lilimkataa.

Dhana hii inaumiza, kwa sababu kijana aliyesomea muziki wa klasiki miaka na miaka anafikia kuuona ualimu kuwa aibu. Mtazame Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani. Mwaka 1952 alishinda shindano la piano la Malkia Elisabeth mjini Brussels. Mwaka 1959, jina lake likivuma, akaanza kufundisha katika taasisi ya muziki ya Peabody, Baltimore. Ni katikati ya miaka ya 1960 ndipo vidole vya mkono wake wa kulia vilipoanza kujikunja vyenyewe, akashindwa kupiga kwa mikono miwili. Ni rahisi kudhani kwamba aliugua kwanza, kisha akakimbilia darasani. Hapana, ualimu ulitangulia. Ugonjwa ulimlazimisha tu aeleze kwa maneno yale ambayo zamani angeyaonyesha kwa mkono.

Chopin naye, mtunzi na mpiga piano mashuhuri wa karne ya 19, akiwa Paris, aliishi kwa kiasi kikubwa kwa ada za wanafunzi. Matamasha ya hadhara aliyotoa maisha yake yote yanakadiriwa kuwa 30 hivi tu. Nani atasema Chopin alishindwa?

Dhana: Ukianza kufundisha, upigaji wako unakufa.

Mpiga piano Artur Schnabel alirekodi sonata (tungo ndefu zenye sehemu kadhaa) zote 32 za piano za mtunzi Beethoven kati ya 1932 na 1935, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa na wanafunzi.

Dhana: Ukijua kupiga, umeshajua kufundisha.

Hapa ndipo wengi waliohitimu hujikwaa, na naomba tukae kidogo. Carl Czerny, aliyekuja kuwa mwalimu mashuhuri wa piano, alifundishwa na Beethoven mjini Vienna akiwa mtoto. Masomo ya mwanzo yalikuwa skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio), mkao wa mikono na matumizi ya kidole gumba. Baadaye akaletewa mtoto Franz Liszt. Kwa kumbukumbu za Czerny mwenyewe, mtoto huyo aliyumba kwenye kiti kama mlevi na kupiga kwa kidole chochote kilichokuwa karibu, ingawa kipaji chake kilikuwa dhahiri. Czerny hakukishangilia kipaji hicho akakiacha kilivyo. Alimrudisha kwenye skeli na kwenye mapigo yanayokwenda sawasawa. Wala hakumtoza ada. Mwaka 1852 Liszt, aliyekuwa ameitikisa Ulaya nzima kwa upigaji wake wa piano, alichapisha mazoezi yake magumu sana na kumtunukia Czerny.

Kazi ya mwalimu ndiyo hiyo: kusikia kosa na kujua linatoka wapi. Mwanafunzi anajikwaa kwenye noti moja, lakini chanzo ni kifundo cha mkono kilichokazwa tangu noti nne nyuma. Mpigaji aliyefundishwa tangu utotoni alivuka hatua hiyo zamani mno, hakumbuki aliivukaje. Inambidi ajifunze upya: akae pembeni ya darasa la mwalimu mzoefu, kisha afundishe huku mtu akimtazama na kumrekebisha.

Dhana: Kwa wanaoanza, mwalimu yeyote anatosha.

Mimi naamini wanaoanza ndio wanaohitaji mwalimu bora kuliko wote. Mtoto aliyezoea kuinua mabega au kulaza viganja atahitaji muda mrefu kuyaacha, na huyo anayemwachisha hulazimika kwanza kumpunguzia vipande vya muziki anavyovipenda.