Mwenza Kuhama Kanisa Si Talaka

Kila Januari, watu wakishashuka mjini kutoka kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo huko nyumbani, benchi la nje ya ofisi yetu ya Ustawi wa Jamii hapa Moshi hujaa. Mwaka huu malalamiko ya ndoa yanayoitwa ya "imani" yamezidi, na wengi wanaoyaleta wanafika na ombi lile lile: "Afisa, naomba cheti cha baraza la usuluhishi niende mahakamani kudai talaka." Mwenzangu kaokoka. Mwenzangu kaacha jumuiya. Mwenzangu kakataa nyama ya mbuzi wa ukoo mbele ya wazee. Tuelewane kwanza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 107, kweli inataja kubadili dini miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Watu wakifika hapo wanafunga kitabu. Wangeendelea kusoma wangekuta masharti mawili: wakati wa kufunga ndoa wote mlikuwa wa imani moja, na sheria za imani hiyo zenyewe zinasema kubadili dini kunavunja ndoa au ni sababu ya kuivunja. Mkristo aliyehama usharika kwenda kanisa la maombi bado ni Mkristo. Na wewe unayesilimu peke yako ili uongeze mke wa pili huku ndoa yako ya kanisani ikiwa hai, ndoa hiyo ya pili ni batili na umetenda kosa linaloweza kukufikisha gerezani. Ndoa ya mke mmoja haibadilishwi kuwa ya wake wengi kwa uamuzi wa mtu mmoja. Lazima wote wawili watamke kwa hiari mbele ya hakimu au jaji. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Lakini tukiwakalisha chini, mara chache tunakuta imani yenyewe ndiyo inayogombewa. Walikaa mbele ya meza yangu mume na mke (nimebadilisha mambo kadhaa wasitambulike), mke anauza mitumba Kiboriloni, mume fundi magari. Walutheri wote, ndoa ya usharikani. Mke akahamia kwa walokole. Nilipomuuliza mume kinachomuuma, hakutaja fundisho hata moja. Alichomoa mfukoni bahasha ya fungu la kumi, akaiweka mezani.

"Angalia mwenyewe, afisa. Ada ya mtoto tunadaiwa, hii imejaa."

"Baba Neema, hiyo ni hela ya biashara yangu. Pombe yako ya mbege ya Jumamosi uliwahi kuniuliza?"

Ikaja mikesha ya Ijumaa, nani abaki na watoto. Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, likatoka lililokuwa limemkaa mume rohoni: siku mke akifa, nani atamzika? Usharika utasema si muumini wetu tena, kanisa jipya halitaki taratibu za ukoo, na kaburi ni la kihambani. Hilo hawakuwahi kulizungumza nyumbani hata siku moja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama imani moja huleta raha katika ndoa, namjibu kwamba huleta pale inapofanywa pamoja. Huko Marekani, watafiti Vaughn Call na Tim Heaton walichapisha mwaka 1997 matokeo yanayokaribiana na tunayoyaona: kati ya mambo ya dini waliyoyapima, kuhudhuria ibada ndiko kulikokuwa na uzito zaidi katika uimara wa ndoa, na wenzi waliopishana katika kuhudhuria walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuachana kuliko waliokwenda wote. Hiyo ni Marekani, si Rombo. Pia kudumu si kuridhika. Wapo wanaodumu kwa kumwogopa mchungaji na majirani.

Uchagani kuchanganya madhehebu kulianza tangu enzi za misheni: Machame na Marangu walipata Walutheri, Kilema na Kibosho wakapata Wakatoliki, na watoto wao wakaoana. Nyingi ya ndoa hizo zimetulia. Zinazosumbua ni zile ambazo mambo yaliachwa yatajijua yenyewe. Kanisa Katoliki, kwa mfano, linamtaka Mkatoliki aahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe Katoliki, na mwenzake anaarifiwa kuhusu ahadi hiyo kabla ya ndoa. Mtoto anazaliwa, mwenzake anakuja kwetu anashangaa. Anashangaa nini na aliambiwa?

Wanaotaka baraza, utaratibu ndio huu. Shauri linapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la kata anakoishi mume, au baraza la jumuiya yenu ya dini kama lipo na wote ni wa jumuiya hiyo. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Wakili haruhusiwi, ndugu anaweza kukuwakilisha kwa ruhusa ya baraza tu. Baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa cheti, na cheti hicho kisiwe kimepita miezi 6 siku unapofungua shauri la talaka, vinginevyo utarudishwa ulikotoka. Ndoa isiyofikisha miaka 2 inahitaji kwanza kibali cha mahakama. Ndoa za Kiislamu zina masharti yake ndani ya kifungu hicho hicho cha 107, na hata hapo baraza halirukwi.

Wito ukifika, njooni wote wawili na cheti cha ndoa, si picha yake kwenye simu. Wapo wanaokataa kuja wakidhani wanazuia talaka. Mtu akiitwa na baraza akakaidi kwa makusudi, sheria inamruhusu mwenzake aende mahakamani bila cheti.