Kufyonza joto hakuzuii mmenyuko kutokea

Wanafunzi wengi wa kemia hushika kanuni hii: mmenyuko ukitoa joto utatokea wenyewe, ukifyonza joto hautatokea mpaka usukumwe. Hata Marcellin Berthelot wa Ufaransa, mkemia mkubwa wa karne ya 19, aliamini karibu hivyo. Kanuni hiyo si sahihi, na bilauri moja ya maji yatosha kuonyesha.

Mimina amonia nitrati (chumvi nyeupe) kwenye maji, ukoroge. Punje nyeupe zinayeyuka zenyewe, na bilauri inakuwa baridi mkononi. Hakuna aliyeipasha moto; joto limechukuliwa kwenye maji yenyewe.

Hapa enthalpi, yaani kipimo cha joto ambalo mmenyuko hufyonza au kutoa, imepanda kwa takriban kilojuli 26 kwa kila moli. Kwa kanuni ile, punje zingebaki chini zimetulia. Lakini ioni (chembe zenye chaji) zilizokuwa zimefungwa kwenye fuwele sasa zimetawanyika majini, na namna zinavyoweza kujipanga zimeongezeka mno. Huko ndiko kupanda kwa entropi, kipimo cha wingi wa namna hizo: takriban juli 108 kwa kila moli kwa kila Kelvini. Zidisha kwa halijoto ya Kelvini 298, unapata kilojuli 32. Sasa 26 toa 32: hasi 6. Hayo ni mabadiliko ya nishati huria ya Gibbs, na alama yake ndiyo inayoamua, si joto peke yake: ikiwa hasi, mmenyuko hutokea wenyewe.

Halijoto ikiwa ndogo, mchango wa entropi hupungua na enthalpi hutawala. Ndiyo maana kanuni ya Berthelot hupatia mara nyingi, na ndiyo maana inadanganya.